Mpira wako haujafa, umeshiba mafuta tu

Swali nililoletewa linasema hivi: "Shikamoo kaka. Niko Columbus, Ohio, nacheza ligi ya bolingi kila Jumatano na wenzangu wa kazini, huu mwaka wa pili, wastani wangu 158. Nimenunua mpira, Storm Hy-Road ya mtumba, pauni 15, kwa dola 30, jamaa alikuwa anaacha mchezo. Mwanzoni ilinipa raha, sa hivi inaenda moja kwa moja tu, haikati kona. Fundi wa duka moja kaniambia mpira wa zamani huo umekufa, ninunue mpya wa dola 220. Ila pale ligini kuna wazee watatu wana mipira ya miaka kumi na kitu na wanatufunga kila wiki. Kwa nini watu bado wanaing'ang'ania hii mipira ya zamani, na wangu niutupe?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa 158 mwaka wa pili, siyo kitu kidogo hicho.

Usiutupe. Nakuambia mapema kabla sijaingia kwenye maelezo, kwa sababu nimeona watu wengi sana wanaambiwa maneno hayohayo, wanaenda kuuacha mpira mzuri kabisa kwenye kona ya gereji, wanalipa dola mia mbili na kitu, afu baada ya msimu mmoja ule mpya nao unaanza kwenda moja kwa moja na wanaambiwa tena umekufa. Mi natoboa matundu ya vidole kwenye mipira hapa Texas mwaka wa 14 huu, na karibu kila wiki kuna mtu anaingia dukani amekumbatia mpira wa kizamani kama mtoto mgonjwa anauliza kama utapona. Mara nyingi unapona. Wako kwa maelezo yako dalili zote ni za mafuta.

Ngoja nikueleze kitu hiki kilivyo maana ukikielewa hutadanganywa tena na mtu.

Mipira ya bolingi ilianza ya mti mgumu, ikaja ya raba, ikaja ya plastiki. Plastiki inateleza, haing'ati leni, kwa hiyo watu walihangaika miaka mingi kutafuta mpira unaoshika. Mwaka 1973 Don McCune alikuwa anaulowesha mpira wake kwenye kemikali mpaka gamba la nje linalainika, akabeba mataji sita ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa mwaka, na baada ya hapo ndo zikaja sheria za kupima ugumu wa mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaingia yurethani, AMF Angle na wenzake, ikashika vizuri zaidi. Afu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndo mambo yakabadilika kabisa, Nu-Line walitoa X-Calibur, yurethani iliyochanganywa na vilainishi vinavyoacha vitundu vidogo vidogo kwenye gamba, vitundu ambavyo kwa macho huvioni. Hiyo ndo tunayoita riaktivu. Vile vitundu vinanyonya mafuta ya leni, gamba linabaki kavu kidogo, likifika sehemu isiyo na mafuta linang'ata ghafla na mpira unageuka kwa nguvu kuelekea kwenye pini.

Kwa nini kugeuka ni muhimu? Leni ina futi 60 toka kwenye mstari wa faulo mpaka pini ya kwanza, na kwenye ligi za kawaida mafuta yanapakwa kama futi 40 hivi, mengi katikati, kidogo pembeni. Mpira unateleza kwenye mafuta, unakata kona ukifika pakavu, afu unabingirika mpaka kwenye poketi, ile nafasi kati ya pini ya kwanza na jirani yake wa nyuma. Wataalamu wa USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, walipima wakaona mpira ukiingia poketi kwa pembe ya nyuzi kama 6 ndo straiki, yani pini zote kumi chini kwa mrusho mmoja, zinatoka nyingi kuliko pembe ndogo, na mpira uliorushwa moja kwa moja haufikishi hata nyuzi 2. Basi hapo ndo utaelewa ilivyokuwa riaktivu ilipokuja, watu waliokuwa wanapata 300, yani straiki tupu mchezo mzima, mara moja maishani wakaanza kuzipata kila msimu.

Sasa shida yake iko palepale kwenye sifa yake. Kitu kinachonyonya mafuta kitafika mahali kishibe. Ni kama sponji ya jikoni, ikijaa haifuti tena, inasambaza tu uchafu. Mpira ukicheza michezo 60, 80, 100 bila kuoshwa vile vitundu vinajaa, gamba linakuwa linateleza mwanzo mpaka mwisho, kona hamna. Huyo jamaa aliyekuuzia kama alikuwa mchezaji wa ligi kwa miaka na hakuwahi kuuosha kwa kina basi ulichonunua ni sponji iliyojaa, na wewe umemalizia tone la mwisho.

Hiyo ni nusu ya swali lako. Nusu ya pili ndo ninayoipenda zaidi, kwa nini wazee wanaing'ang'ania.

Watu wengi wanadhani mipira ni kama simu, kwamba ya mwaka huu lazima iwe bora kuliko ya mwaka 2009. Kampuni zinatoa mipira mipya mfululizo mwaka mzima na ya zamani inaondolewa sokoni, mingi haimalizi hata miaka miwili kwenye orodha. Ila ukiangalia vipimo vyenyewe, USBC imeweka mipaka ambayo mtu havuki. Kuna RG, yani uzito wa ndani umekaa karibu au mbali na katikati ya mpira, inatakiwa iwe kati ya 2.46 na 2.80. Kuna difrensho, inayosema mpira utayumba kiasi gani kwenye mhimili wake ukiwa unazunguka, mwisho 0.060. Mwaka 2016 Motiv walitoa mpira unaitwa Jackal ukakutwa umevuka hiyo 0.060, ukafutiwa kibali pamoja na ndugu yake Jackal Carnage, watu wakabaki na mipira ya ghali wasiyoweza kuchezea ligi. Kwa hiyo ukuta upo, na kampuni zilishaufikia zamani. Hy-Road yako ya pauni 15 ina RG 2.57 na difrensho 0.046. Chukua Phaze II, nayo ya Storm, iliyotoka 2016 na mpaka leo watu wanaililia, RG 2.48 na difrensho 0.051. Ni tofauti ya tabia hiyo, mmoja unachelewa kuamka mwingine unaamka mapema, huwezi kusema mmoja umempita mwenzake kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa.

Afu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. USBC walifanya uchunguzi mrefu wa mwendo wa mipira miaka ya 2000, wakapima vitu chungu nzima, na vilivyokuja juu kabisa kwa kuathiri mwendo ni ukwaruzo wa gamba na kasi yake ya kunyonya mafuta. Kiini cha ndani, kile wanachokichora kwenye matangazo kama injini ya ndege, kilikuja nyuma ya hapo. Yani msasa wa dola chache unaweza kubadilisha mpira wako kuliko tofauti ya kiini cha mwaka jana na cha mwaka huu. Mi nilipoelewa hilo niliacha kabisa kumwambia mteja anunue mpira mpya kabla sijaushika wa zamani mkononi na kuuangalia gamba.

Na kampuni zenyewe zinajua. Hy-Road imekaa sokoni zaidi ya miaka kumi kwa sababu watu bado wanaitaka. Hammer walitoa Black Widow miaka ya 2000 yenye kiini walichokiita Gas Mask, na kiini hichohicho kimerudishwa mara nyingi kwenye magamba mapya, mpaka sa hivi unakikuta. Hata yurethani ambayo tulidhani imezikwa na riaktivu imerudi mpaka kwenye fainali za PBA zinazoonyeshwa kwenye tivi. Mtengenezaji akirudia kitu chake cha miaka kumi na tano iliyopita anakubali mwenyewe kwamba alikuwa amepata.

Kuna watu wanaenda mbali zaidi, wanawinda mipira iliyotengenezwa Hopkinsville, Kentucky. Pale ndo palikuwa na kiwanda cha Ebonite, wakitengeneza pia Hammer, Track na Columbia 300, mpaka Brunswick walipowanunua mwishoni mwa 2019 na kazi ikahamia Reynosa, Mexico. Nina mteja ana kumi na moja za Hopkinsville kwenye rafu, nne hajawahi kuzitoboa. Mi sidhani kama ile anwani peke yake inaangusha pini. Ila namuelewa, ni mipira aliyokulia nayo na hazitatengenezwa tena pale, na akiurusha mmoja wapo anajua utafanya nini kabla haujafika kwenye mishale, zile alama za kulengea zilizochorwa kwenye leni.

Hilo la kujua ndo siri ya wazee wako watatu. Nikupe mfano wa mzee mmoja wa hapa kwetu, ana miaka zaidi ya 70, anacheza na mpira wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambao nimemzibia na kumtobolea upya matundu mara mbili. Rangi ishapotea, umebaki kama wa kijivujivu, umejaa alama. Mchezo wa kwanza anasimama kulia kidogo, anaurusha taratibu kwenye mshale wa pili, mpira unaenda unaenda afu unainama kama mtu anayeingia mlango mfupi, pole pole, unagonga poketi. Vijana pembeni yake wana mipira mipya inayogeuka kama imepigwa teke, mchezo wa kwanza wanapata 230 wanashangilia, mchezo wa tatu mafuta yameshavurugika, kuna sehemu pakavu kuna sehemu yamesukumwa mbele, mipira yao inakata mapema inapita upande wa pili wa pini ya kwanza, wanaacha spliti, yani pini zilizobaki zimeachana mbali, wanahamahama hawajui wasimame wapi. Mzee anasogea mbao mbili kushoto basi. Leni ina mbao 39 na yeye anazijua zote kwa huo mpira mmoja. Gamba lililozeeka halina hasira, likikuta pakavu linainama tu halirukii, kwa hiyo ukikosea mbao moja haikuadhibu sana. Kwa mtu wa 158 huo ni msaada mkubwa kuliko kona kali, na wewe bado uko kwenye umri wa kujifunza kusoma leni, mpira mpole utakufundisha vizuri kwa sababu kosa likitokea utajua ni la mkono wako.

Haya, tuje kwenye kuuponya.

Tafuta ndoo ya galoni 5, safi. Ziba matundu ya vidole kwa tepu isiyopitisha maji, bandika vizuri ukandamize kingo. Weka maji ya moto ya bomba, ya moto ambayo mkono unayavumilia ukiingiza kwa shida kidogo, yasiwe ya kuchemsha kwenye sufuria hata kidogo, maana moto mkali unapasua gamba na kiini. Tia sabuni ya vyombo matone machache. Zamisha mpira, wa pauni 15 unazama wenyewe, uache dakika 15 hivi. Ukiutoa usikimbilie kuufuta, utazame kwanza kwenye mwanga. Utaona vitone vidogo vya njano vinatoka kwenye gamba kama jasho kwenye paji la uso, ukipitisha kidole yanateleza, hayo ndo mafuta ya leni ya misimu yote ya yule jamaa. Futa kwa taulo usiyoipenda tena, mwaga maji, weka mapya, rudia. Mi nimewahi kurudia mara saba kwa mpira mmoja. Unaacha pale unapoutoa na hautoi jasho tena. Toa tepu, uache ukauke kivulini siku nzima.

Usiuweke kwenye ovena, usiuanike juani, usiuache kwenye buti la gari. Nimeshapoteza mpira wangu mwenyewe niliopenda sana kwa buti la gari mwezi wa nane hapa Texas, nilifungua nikakuta ufa umetoka kwenye tundu la kidole gumba umezunguka mpaka chini. Na kwa nyinyi wa Ohio baridi kali nayo ni hivohivo, mpira ukitoka kwenye buti lililoganda ukauingiza kwenye joto ghafla unaweza kupasuka. Ulale ndani ya nyumba.

Baada ya hapo msasa. Nunua zile pedi za duara za Abralon, namba 1000 na 2000 zinakutosha kuanza. Unalowesha pedi, unasugua upande mmoja kwa mzunguko, unageuza, pande nne mpaka sita, nguvu sawa kila upande, unaanza na 1000 unamalizia na 2000. Hy-Road ilitoka kiwandani na polishi, kwa hiyo baada ya msasa itashika mapema kidogo kuliko ilivyozoea, ukiona inakata mapema mno pale kwenu unaiongezea polishi. Storm wanaweka manukato kwenye mipira yao, kwa hiyo usishangae ukianza kusugua ukasikia harufu inatoka kwenye gamba la miaka yote hiyo, mi kila nikiisikia nafurahi, maana yake umefika kwenye gamba lililo hai.

Kabla hujarudi nao ligini angalia vitu viwili. Kwanza hesabu matundu. Zamani watu walikuwa wanaongeza tundu la nne la kusawazisha uzito, toka tarehe 1 Agosti 2020 USBC wamelipiga marufuku, kila tundu lililopo lazima liwe la kushikia kwenye kila mrusho, kwa hiyo kama wako una tundu la ziada, au kama unacheza bila kidole gumba na tundu lake lipo, peleka ukazibwe kama ligi yenu ni ya USBC. Pili, mtu akikushauri uusafishe kwa asetoni au kitu cha kulainisha gamba mkatalie, ni yaleyale ya 1973, ugumu ukishuka chini ya kipimo mpira haufai tena na hakuna wa kuurudisha. Spirit ya kufutia baada ya kila mchezo sawa, kulowesha hapana. Na katikati ya mchezo futa kwa taulo kila kabla ya kurusha, kila mrusho, usichoke, hiyo tu inaongeza maisha ya gamba mara mbili kwa macho yangu.

Sitaki pia nikufiche upande wa pili. Kuna mipira ambayo kweli imekwisha. Ukiona ufa unaopita toka tundu hadi tundu, au ukiuosha mara saba na msasa mzuri na bado unateleza mpaka mwisho wa leni, basi gamba limechoka, vile vilainishi vyake vimeshatoka na umri na havirudi. Na siku ukienda kwenye mashindano yenye mafuta mengi na marefu, Hy-Road ya zamani itakuacha barabarani, pale unahitaji gamba jipya lenye njaa na kiini chenye nguvu. Kwa hiyo huyo fundi hajakosea kwamba kuna siku utahitaji mpira mpya, alikosea kukuuzia wa pili kwa kuua wa kwanza. Ukipata hizo dola 220 baadaye nunua mkali zaidi wa mafuta mengi, huu ubaki wa mchezo wa pili na wa tatu mafuta yakishavurugika, na hata kabla ya huo ningenunua wa plastiki wa bei ndogo wa kupigia spea, yani kumalizia pini zilizobaki baada ya mrusho wa kwanza, hasa pini ya 10 ile ya kona, kwenye 158 spea ndo zitakupeleka 175 haraka kuliko kona yoyote.

Ukishauosha na kuupiga msasa, cheza michezo mitatu, afu kwenye mrusho wa mwisho usiufute. Utaona mistari ya mafuta imezunguka mpira, mwanzo imeachana afu inakutana sehemu mbili kama tai ya kipepeo. Piga picha pale mistari ilipoachana zaidi, weka rula pembeni, na picha nyingine ionyeshe alama ya pini ya kiini (kile kidoti cha rangi kwenye gamba) na matundu yako kwa pamoja. Nitumie zote mbili. Yule jamaa aliutobolea mkono wake siyo wako, na inawezekana nusu ya kona yako iko hapo, kwenye mahali matundu yalipo. Kuziba na kutoboa upya ni gharama ndogo sana kuliko 220, ila nataka nione mistari kwanza kabla sijakuambia utoe hata senti.